Duka la vifaa vya ujenzi, tawi moja na stoo: mfumo wa kompyuta tuanzie wapi?

Nondo_na_Saruji

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa kitaalamu kwa wanaojua mifumo ya biashara, pamoja na wahasibu mliomo humu.

Biashara ni vifaa vya ujenzi, jumla na rejareja. Kuna duka Mbeya mjini, tawi Tunduma, na stoo moja Uyole inayolisha kote kuwili. Bidhaa ni kama 1,800. Tumesajiliwa VAT. Kwa sasa mauzo yanaandikwa kwenye daftari la kaunta, risiti inatolewa kwenye mashine ya EFD (ya risiti za kodi), na jioni mtu mmoja anaingiza jumla kwenye Excel. Malipo ni taslimu, Lipa Namba, na mkopo kwa mafundi na makandarasi tunaowafahamu.

Matatizo ni matatu. Excel inaonyesha faida kila mwezi, lakini siku ya kuwalipa wanaotuuzia mzigo benki hakuna kitu. Mzigo ukitoka Uyole kwenda Tunduma, madaftari ya pande mbili hayakubaliani. Na kila tukihesabu stoo, nondo ama zinazidi ama zinapungua, na hakuna anayeweza kueleza kwa nini.

Kampuni moja imetuletea pendekezo la mfumo wenye kila kitu: mauzo, stoo, uhasibu, mishahara, na programu ya simu ya wateja, vyote viwashwe siku moja. Je, ndivyo inavyotakiwa? Nondo inanunuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande, kompyuta iiandikeje? EFD na Lipa Namba viungwe vipi na mfumo?

---

Stoo_Kwanza

Mkuu, usiwashe vyote siku moja. Kwa duka la aina yako utaratibu ni huu: orodha ya bidhaa, kisha stoo na manunuzi, kisha mauzo ya kaunta, halafu uhasibu. Mishahara ya watu wachache inaweza kubaki Excel mwaka mzima na isikudhuru. Programu ya simu ya wateja iache kabisa mpaka salio la stoo liaminike, kwa sababu mteja akiona kwenye simu kwamba mabati yapo, akaja na gari akayakosa, hatarudi.

Kazi kubwa kuliko zote ni orodha ya bidhaa, na hapo ndipo miradi mingi inapoharibika kabla hata kompyuta haijawashwa. Ukichukua madaftari yako leo utakuta "nondo 12", "nondo mm12", "nondo nusu inchi" na "12mm" kama bidhaa nne, na zote ni kitu kimoja. Zikiingia hivyo, mauzo yatapunguza salio la moja na manunuzi yataongeza la nyingine. Hiyo peke yake inatosha kueleza kuzidi na kupungua kusikokuwa na maelezo.

Sasa vipimo. Kanuni ni kwamba kipimo cha msingi kiwe kile kidogo kabisa unachouzia, na vikubwa vyote viandikwe kama mafungu yake. Waya: msingi ni mita, rola ni mita 100. Misumari: msingi ni kilo, katoni ni idadi ya kilo iliyoandikwa juu yake. Saruji: msingi ni mfuko wa kilo 50, tani ni mifuko 20. Liamue hili mapema, maana mifumo mingi haikuruhusu kubadili kipimo cha msingi bidhaa ikishakuwa na miamala. Utalazimika kufungua bidhaa mpya na kuhamisha salio.

Nondo ina hesabu yake. Uzito wa mita moja kwa kilo ni kipenyo kwa milimita, kizidishwe chenyewe kwa chenyewe, kisha ugawe kwa 162. Kipande cha mita 12 kinakuwa hivi:

mm 10: kilo 7.4, tani moja vipande 135
mm 12: kilo 10.67, tani moja vipande 93 au 94
mm 16: kilo 18.96, tani moja vipande 52 au 53

Hizo ni za nadharia. Nondo halisi huwa nyepesi au nzito kidogo, kwa hiyo usiufunge mfumo kwenye "tani 1 = vipande 94" na kuendelea na maisha. Wakati wa kupokea, stoo ihesabu vipande kwa mkono na kuandika vipande hivyo, na thamani yote ya ankara igawanywe kwa idadi hiyo. Mfano wa hesabu tu: tani kwa 2,400,000 ikitoa vipande 94, kila kimoja kimekugharimu 25,532. Mtu akiwa amekadiria vipande 100 kwa tani kwa sababu ni namba rahisi kukumbuka, mfumo utasema gharama ni 24,000. Kila kipande kinachouzwa kitaonyesha faida ya ziada ya 1,532 ambayo haipo, na kila tani itaacha pengo la vipande 6 kwenye hesabu ya stoo. Nina hakika sehemu ya faida yako ya Excel imetoka humo.

Uyole kwenda Tunduma: usiruhusu uhamisho wa hatua moja. Tengeneza stoo nyingine, ya kwenye mfumo tu, iite "Njiani". Mzigo ukipakiwa, Uyole inapungua na Njiani inaongezeka. Tunduma ikishahesabu na kukubali, Njiani inapungua na Tunduma inaongezeka kwa kile kilichofika, si kilichoandikwa. Kila asubuhi unaangalia Njiani: kilichobaki humo zaidi ya siku mbili kina dereva na namba ya hati, kwa hiyo unajua wa kumuuliza.

---

Mizania

Nakubaliana na Stoo_Kwanza. Niongeze upande wa pesa na kodi.

Hatari ya hali yenu ya sasa ni kwamba uuzaji mmoja unaandikwa mara tatu: daftari, EFD, Excel. Vyote vitatu vikiandikwa na watu wenye haraka, havitalingana hata siku moja. Suluhisho ni mfumo wa mauzo unaotoa risiti ya kodi wenyewe kwa njia ya VFD, yaani EFD ya programu isiyohitaji mashine ya pembeni. Keshia anauza mara moja, risiti inatoka na msimbo wake wa uhakiki, na taarifa inakwenda TRA. Muulize huyo muuzaji wa programu kama VFD yake imeidhinishwa na TRA, na akuonyeshe risiti halisi unayoweza kuihakiki, si picha kwenye maelezo yake. Muulize pia intaneti ikikatika risiti zinakaa wapi na zinatumwaje ikirudi. Akibabaika kwenye swali hilo la pili, mfumo huo bado.

Mkibaki na mashine kwa muda, basi kila jioni ripoti Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayochapwa na mashine, ilinganishwe na jumla ya mauzo ya mfumo kabla mtu hajafunga kaunta. Tofauti ya siku moja hupatikana kwa dakika 10. Tofauti ya mwezi mzima, mnaitafuta usiku wa kuamkia tarehe 20 wakati ritani ya VAT inadaiwa.

Mambo mawili yanayowachanganya wengi kwenye VAT. La kwanza, bei. Kwa kiwango cha kawaida cha 18%, bei ya kaunta ya 17,700 ina VAT ya 2,700 ndani yake, mauzo yako ni 15,000. Bei ya kununulia nayo iingie bila VAT kama una risiti halali ya kudai. Duka likiingiza manunuzi pamoja na VAT na mauzo bila VAT, mfumo utaonyesha faida pungufu au hata hasara. Likifanya kinyume, utaonyesha faida ya kufurahisha ambayo sehemu yake ni pesa ya serikali. La pili, mkopo. Risiti ya EFD hutolewa siku ya kuuza, hata kama fundi atalipa mwezi ujao. Akija kulipa anapewa stakabadhi ya malipo ya deni, si risiti nyingine ya EFD, vinginevyo mauzo yale yale mmeyatangaza mara mbili. Na risiti ikishatoka haifutwi. Mzigo ukirudishwa, tengenezeni hati ya kupunguza mauzo inayotaja namba ya risiti ya awali, na muitunze.

Lipa Namba: fungua kwenye mfumo akaunti maalumu, moja kwa kila mtandao. Keshia akipokea malipo aandike namba ya kumbukumbu ya muamala, si "M-Pesa" tu. Kesho yake asubuhi pakua taarifa ya Lipa Namba na uilinganishe namba kwa namba. Makato ya mtandao yaingie kama gharama, yasiachwe yakaonekana kama keshia amepungukiwa. Na mzigo usitoke kwa kuangalia meseji kwenye simu ya mteja. Meseji hutengenezwa. Uthibitisho ni ule unaoingia kwenye kifaa cha duka.

Kwa taslimu, keshia ahesabu pesa yake na kuingiza kiasi KABLA mfumo haujamwonyesha kinachotakiwa. Akiona kwanza kwamba zinatakiwa 1,436,000, ataandika 1,436,000, na ziada au pungufu hutaijua kamwe. Kila keshia awe na neno lake la siri. Kupunguza bei kupita kiwango na kurejesha mauzo kusubiri idhini ya msimamizi. Neno la siri likiwa moja kwa kaunta nzima, kumbukumbu za mfumo hazina thamani yoyote siku ya kutafuta nani alifanya nini.

---

Nondo_na_Saruji

Mizania na Stoo_Kwanza, asanteni sana. Hilo la vipande 100 kwa tani ndilo tunalotumia hasa.

Swali la nyongeza: muuzaji anasema mfumo utazuia kuuza bidhaa ambayo salio lake ni sifuri. Je, niukubali uzuiaji huo tangu siku ya kwanza? Na siku ya kuhama inapangwaje?

---

Kaunta_Safi

Hapo kwenye kuzuia, wengi watakuambia zuia. Mimi nasema: kwenye stoo ya Uyole zuia tangu siku ya kwanza, kwenye kaunta usizuie kwa wiki mbili za mwanzo.

Sababu ni hii. Siku za mwanzo hati za kupokelea mzigo huchelewa kuingizwa. Saruji imeshushwa saa 2 asubuhi, imo dukani inaonekana kwa macho, lakini kwenye mfumo ni sifuri mpaka mchana. Mteja amesimama na pesa mkononi. Ukimzuia keshia, hatamrudisha mteja. Atauza kwa jina la saruji ya aina nyingine yenye salio. Sasa una makosa mawili yaliyojificha badala ya moja linaloonekana. Salio hasi ni kosa linalojitangaza lenyewe: kila asubuhi kabla ya saa 4 toa ripoti ya bidhaa zenye salio hasi, kila moja itafutiwe hati yake ambayo haijaingia. Ripoti ikikaa tupu siku tano mfululizo, washa kizuizi.

Siku ya kuhama. Chagua siku ambayo stoku iko chini na si mwisho wa mwezi. Jumamosi jioni funga, mzigo usiingie wala kutoka. Jumapili hesabu. Watu wawili wawili, kila jozi na karatasi yenye majina ya bidhaa bila idadi iliyoandikwa kwenye madaftari, kila rafu ihesabiwe na jozi mbili tofauti, na pasipolingana ihesabiwe mara ya tatu. Bidhaa 1,800 kwenye sehemu tatu hazimaliziki kwa watu wanne, panga jozi zisizopungua 3 kila eneo. Rangi zilizofunguliwa, waya uliokatwa na vipande vya bomba vilivyobaki viandikwe kwa kipimo cha msingi au viondolewe kabisa kwenye stoku. Usiviache katikati.

Madeni ya wateja yaingie ankara kwa ankara, na tarehe zake za zamani. Hili halijatajwa na ni kosa la kawaida mno. Ukiandika "Fundi fulani, 4,600,000" kama jumla yenye tarehe ya siku ya kuhama, mfumo utaamini deni lote ni jipya, na ripoti ya umri wa madeni itakudanganya kwa miezi mitatu. Madeni yenu kwa wanaowauzia, vivyo hivyo.

Daftari liendelee sambamba wiki mbili, si zaidi. Likizidi, watu wataandika daftari vizuri na mfumo kwa kulipua.

Vifaa: printa ya risiti ya milimita 80, skana ya barkodi kwa vitu vyenye barkodi, na kwa nondo, mabati na mbao ambazo hazina, karatasi moja ngumu kaunta yenye barkodi za bidhaa 60 hivi zinazouzwa sana. UPS (betri ndogo inayoshika umeme ukikatika) ya 650 VA inamtunza keshia mmoja kwa dakika 10 hadi 20, inatosha kumalizia mteja na kuzima kompyuta kwa usalama. Kwa kukatika kirefu unahitaji betri kubwa na inveta, au kompyuta mpakato. Intaneti weka laini mbili za mitandao tofauti, Tunduma hasa.

---

Stoo_Kwanza

Kaunta_Safi, nakubali hoja ya wiki mbili ila kwa sharti moja. Bidhaa iliyouzwa ikiwa hasi, mifumo mingi huipa gharama ya mwisho inayoijua, na isipokuwepo huipa sifuri. Ankara mpya ikiingia kwa bei nyingine, faida ya siku zile inakuwa si ya kweli mpaka gharama zipigwe upya. Kwa hiyo ripoti ya faida ya wiki hizo mbili isitumike kuamua bei wala kumlipa mtu kamisheni.

Na kwa ujumla tumieni wastani wa gharama. Mifuko 100 iliyopo kwa 15,000, ikaja 200 kwa 16,500, wastani ni 16,000. Ukiuza kwa bei ya zamani ukidhani bado gharama ni 15,000, unauza faida yako bila kujua.

---

Mizania

Nirudi kwenye swali lililofungua mada, maana ndilo kubwa: faida ipo, pesa haipo. Nondo za vipande 100 ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni siku.

Mfumo ukishakaa miezi mitatu, chukua namba tatu. Siku za mzigo: thamani ya stoku gawa kwa gharama ya mauzo ya mwezi, zidisha kwa 30. Siku za madeni: wanachodaiwa wateja gawa kwa mauzo ya mwezi, zidisha kwa 30. Siku za wanaokuuzia: unachodaiwa gawa kwa manunuzi ya mwezi, zidisha kwa 30. Mbili za kwanza jumlisha, toa ya tatu.

Mfano: stoku ya 180,000,000 na gharama ya mauzo ya 90,000,000 kwa mwezi ni siku 60. Wateja wanalipa kwa siku 35. Wewe unalipa kwa siku 20. 60 + 35 − 20 = siku 75. Gharama ya mauzo kwa siku ni 3,000,000, hivyo takribani 225,000,000 imelala kwenye rafu na kwenye mifuko ya wateja wakati wote. Faida yako inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado benki ikawa tupu, kwa sababu kila ongezeko la mauzo linaongeza mzigo na madeni kabla ya kuongeza pesa. Ukipunguza siku za mzigo kutoka 60 hadi 50, ni 30,000,000 zinazorudi benki bila kuuza hata mfuko mmoja zaidi.

Zinapunguzwaje? Toa orodha ya bidhaa kwa thamani ya mauzo ya mwaka, kubwa juu. Chache za juu, kwako nadhani ni saruji, nondo, mabati na rangi, zihesabiwe kila wiki na zipewe kiwango cha kuagizia. Saruji ikiuzwa mifuko 40 kwa siku na kufika baada ya siku 3, inahitaji 120. Siku mbaya kabisa ikiwa ni 60 kwa siku na mzigo ukachelewa hadi siku 5, inahitaji 300. Agiza salio likifika 300. Kuagiza kabla ya hapo bila sababu ya bei ni kulaza pesa. Halafu toa orodha ya visivyouzwa siku 180. Vitasa vya muundo wa zamani na vigae vya rangi isiyotafutwa tena viuzwe hata kwa gharama.

Madeni: yaliyopita siku 60, mfumo umzuie mteja huyo kuchukua mkopo mwingine, na anayeweza kufungua awe ni wewe peke yako. Kaunta ikiweza kufungua, itafungua.

Kwa kuwa mtatunza majina na namba za simu za wadaiwa kwenye kompyuta, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu. Angalieni masharti ya kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na orodha ya wadaiwa isibandikwe ukutani wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.

---

Nondo_na_Saruji

Nimeelewa. Tutaanza na orodha ya bidhaa mwezi huu. La mwisho: nani aiandae? Kampuni inasema itamleta kijana wao. Na kwenye mkataba niangalie nini?

---

Kaunta_Safi

Kijana wa kampuni aandike, lakini anayeamua jina na kipimo awe mtu wako wa stoo aliyekaa na mzigo kuliko wote. Yeye ndiye anayejua kwamba "bomba la njano" na "bomba la nusu" ni kitu kimoja. Wakae meza moja, bidhaa 150 kwa siku inawezekana, kwa hiyo weka siku 12 za kazi na mbili za kupitia upya. Namba za bidhaa ziwe za kufuatana tu, 10001 kuendelea. Ukitaka namba ibebe maana ya kundi, kipimo na kampuni, mwakani utaishiwa nafasi.

Kwenye mkataba dai vitu hivi kwa maandishi: taarifa zote ni mali yako, unaweza kuzipakua zote, bidhaa, miamala, wateja, kwa mafaili yanayofunguka Excel, wakati wowote na bila malipo, bakapu (nakala ya akiba ya taarifa zote) inafanyika kila usiku na nakala moja inakaa nje ya jengo. Kabla ya kulipa awamu ya mwisho, waambie wairudishe bakapu ya jana kwenye kompyuta nyingine mbele yako, ufungue, uangalie salio la nondo mm 12 la Uyole. Likilingana na la mfumo wa jana jioni, lipa.